Safari Rally ilifutwa 2020, lakini Kitale na Bungoma saa haikusimama

Unaikumbuka Mei 2020? Usijali kama huikumbuki, maana mwaka huo vitu vilifutwa kila siku hadi mtu akachoka kuhesabu. Lakini kama wewe ni mtu wa magari, kuna moja iliyokuuma kivyake. Safari Rally, iliyoanza 1953 na kutolewa kwenye ratiba ya dunia ya WRC baada ya 2002, ilikuwa inarudi. Tarehe zilishatangazwa: Julai 16 hadi 19. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa hatujawahi kuona gari la WRC likipita mbele ya macho yetu. Zilikuwa ni hadithi za wazee tu, eti Shekhar Mehta alishinda mara tano, eti Colin McRae alikuja akabeba 1997, 1999 na 2002. Halafu Mei tukaambiwa hakuna rali, ngojeni 2021.

Sasa cheki hii. Septemba 3 mwaka huo huo, kampuni ya Nacon ya Ufaransa ilitoa gemu ya WRC 9. Ndani yake kulikuwa na rali tatu mpya: Kenya, Japan na New Zealand. Na zote tatu zilikuwa zimefutwa katika ratiba ya kweli! Kwa hivyo kwa miezi kadhaa, mahali pekee duniani ambapo ungeendesha Safari Rally mpya palikuwa mbele ya televisheni. Kijana wa Finland aliyekaa kwa kochi na soksi zake angeweza kuikimbiza Safari ya WRC kabla ya dereva yeyote wa Kenya kuipata kwa ukweli.

Mimi hilo lilinichekesha kwanza, kisha likanifanya nifikirie.

Huko ng'ambo walikuwa wameanza mapema. Langalanga ilisimama Machi 13, siku ambayo Australia ilifuta mbio zake dakika za mwisho. Siku hiyo hiyo ndiyo Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha corona. Hata siku kumi hazikuisha. Machi 22 Formula One wakaandaa mbio za kwanza za kompyuta, uwanja wa Bahrain, na mshindi akawa Zhou Guanyu wa China, ambaye wakati huo hata hakuwa kwenye Formula One. Charles Leclerc akashinda Australia na China. George Russell, aliyekuwa anaendesha gari la mwisho mwisho pale Williams, akashinda nne za mwisho mfululizo. Walicheza hadi kina Thibaut Courtois, kipa wa Real Madrid. Marekani nako, siku hiyo hiyo ya Machi 22, NASCAR walipeleka mbio zao za kompyuta kwenye televisheni na watu zaidi ya 900,000 wakatazama.

Usidhani walikuwa wanacheza tu. Muulize Bubba Wallace. Aprili 5, katika mbio za Bristol, aligongwa, akakasirika, akazima mashine na kuondoka. Mdhamini wake akamwacha. Gari halikuwepo, barabara haikuwepo, lakini pesa zilizoondoka zilikuwa za kweli. Wiki moja baadaye Kyle Larson alitamka tusi la ubaguzi wa rangi akidhani hakuna anayemsikia, na timu yake ikamfuta kazi.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Daniel Abt, Mjerumani aliyekuwa dereva wa Audi katika Formula E, yale magari ya umeme. Mei 2020 alimaliza wa tatu kwenye mbio za mtandaoni zilizokuwa za kuchangia UNICEF. Wenzake wakaanza kunong'ona. Huyu Abt siku hizi amekuwa mkali hivi? Na mbona uso wake hauonekani vizuri kwenye kamera? Kumbe aliyekuwa ameshika usukani ni mchezaji wa gemu wa kulipwa. Abt akaondolewa kwenye matokeo, akaamriwa kutoa euro 10,000 kwa hisani, na Audi wakamtimua.

Kisa hicho kiweke akilini. Tutakihitaji tukifika Bungoma.

Turudi nyumbani. Kitale, nyuma ya stendi ya matatu, vibanda vya gemu havikosekani. Unajua vilivyo: chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, benchi, pazia la kuzuia jua, na mwenyewe ameketi mlangoni na daftari. Bei ya kibanda chetu ni shilingi ishirini kwa dakika kumi. Asilimia kubwa ya wateja ni watu wa kandanda, na wewe mtu wa magari unangoja mechi iishe ndipo ubadilishe. Usukani hakuna. Ni pedi ya gemu ya kawaida, tena ile ambayo kitufe cha breki kimelegea. Usukani wa maana wa kuunganisha na mashine ya gemu, hapa Kitale ungeuza magunia kumi ya mahindi na zaidi ndipo uupate, na mtu mwenye magunia kumi ana mambo mengine ya kufanya nayo.

Bungoma nina rafiki, tulisoma naye chuo kabla mimi niachane na hayo mambo. Yeye alimaliza. Siku hizi ni fundi wa magari karibu na Kanduyi, na jioni anashinda kwenye kibanda cha gemu kama changu. Kutoka kwangu hadi kwake unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, unatokea Webuye halafu unashuka. (Madereva wa matatu wa njia hiyo, kwa maoni yangu, wangepewa Toyota Yaris ya rali na mwelekezi mmoja tu wa kuwatuliza, dunia ingetujua.) Wakati wa kafyu tulikuwa tunapigiana simu kulalamika. WRC 9 ilipofika kwenye vibanda vyetu, yeye ndiye aliyesema: buda, tushindane.

Nikamwambia haiwezekani, intaneti yetu ni ya bando la shilingi ishirini. Hata Lando Norris, dereva wa McLaren, alipata shida ya mtandao kwenye mbio zile za Bahrain hadi gari lake likaanza likiendeshwa na kompyuta. Sasa sisi ni kina nani?

Jibu lake lilikuwa rahisi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Langalanga inahitaji mtandao wenye kasi kwa sababu magari yako pamoja barabarani. Mtandao ukikwama nusu sekunde, umemgonga mwenzako. Rali haiko hivyo. Kwenye rali unaenda peke yako. Wewe, mwelekezi, na saa. Mwenzako aliondoka dakika chache kabla yako au ataondoka baada yako, humwoni. Anayeshinda ni mwenye muda mdogo. Kwa hivyo mtu wa Kitale na mtu wa Bungoma hawahitaji kuunganishwa kabisa. Wanachagua mkondo mmoja, gari moja, hali ya hewa moja. Kila mtu anakimbia kwenye kibanda chake, anapiga picha ya muda wake kwenye skrini, anatuma WhatsApp. Bando la kutuma picha moja kila mtu analo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, mwanzoni wawili, baadaye tukawa sita, watatu kila mji. Stima zikipotea katikati ya mkondo, unaruhusiwa kurudia. Hiyo sheria tuliiweka wiki ya kwanza, na wewe mkazi wa pande hizi unajua kwa nini.

Sheria ya pili ililetwa na Abt. Jumamosi moja Bungoma walituma muda ambao ulikuwa chini ya wetu kwa sekunde kumi na tisa. Kumi na tisa! Kwenye mkondo ambao kwa kawaida tunaachana kwa mbili au tatu. Tukaambiwa ni wa yule fundi. Kitale hatukulala. Baada ya siku mbili ikajulikana kuna kijana wa sekondari pale kibandani, mkali ajabu, ndiye aliyepewa pedi. Fundi akajitetea eti ilikuwa mzaha, na ukweli ni kwamba Abt naye alisema hivyo hivyo. Muda ukafutwa. Tangu hapo ni lazima video, na sura ionekane. Yule kijana naye tulimwandikisha rasmi, na sasa anatusumbua Kitale kihalali.

Najua kuna msomaji anasema hiyo si rali. Kweli, si rali. Juni 2021 ya kweli ilipokuja Naivasha, ilionyesha kile ambacho gemu haikuweza. Kalle Rovanperä, mmoja wa wenye kasi zaidi duniani, alizama kwenye vumbi laini kama unga, lile wanaloliita fesh-fesh, akakwama. Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi Jumapili asubuhi, gari likavunjika upande wa nyuma, safari ikaishia hapo. Sébastien Ogier akashinda. Na Wakenya watatu wakaingia kumi bora: Onkar Rai wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Kwenye skrini ukikosea unabonyeza kitufe unaanza upya. Naivasha huanzi upya.

Pia usichanganye hii na zile mbio za kompyuta za kwenye maduka ya beti. Pale hakuna dereva. Mashine inachagua mshindi, wewe unalipa ukitazama picha. Kelele inaweza kufanana kwa mtu anayepita nje, lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa, na wakati michezo yote iliposimama wengi walipotelea huko.

Sasa twende kwa pesa, maana hapo ndipo hadithi inauma. Rali ni mchezo wa wenye nazo. Gari, matairi, mafundi, leseni, mafuta. Kijana wa Kitale asiye na jina la familia ataanzia wapi? Kwenye gemu kuna waliopenya. James Baldwin, Mwingereza, alishinda shindano la wachezaji gemu la World's Fastest Gamer mwaka 2019, na Agosti 2020 akashinda mbio zake za kwanza za kweli za British GT pale Oulton Park. Mwaka 2021 FIA walianzisha mradi wa Rally Star kwa vijana wa miaka 17 hadi 26, na njia moja ya kuanza ilikuwa kupitia hiyo hiyo WRC 9. Zao la mradi huo, Romet Jürgenson wa Estonia, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, Junior WRC, mwaka 2024.

Yule kijana wa Bungoma bado hajafika 26. Ana mikono. Hana usukani, hajawahi kukaa ndani ya gari la rali, na gari alilowahi kuendesha kwa kweli ni pikapu ya fundi, kutoka karakana hadi pampu ya mafuta na kurudi. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia habari za Rally Star. Hakuwahi. Hakuna aliyekuja Kanduyi kumwambia, wala Kitale hakuna aliyekuja kutuambia sisi.

Kwa hivyo ninamwandikia hapa. Na kama wewe una kibanda cha gemu Webuye, Kimilili au Chwele na una mtu mwenye kasi, chagua mkondo wa Kenya, barabara kavu, washa kamera, sura ionekane. Kufikia Jumamosi iliyopita Bungoma wana kumi na moja, sisi Kitale tuna tisa.