Stima ikipotea, baruapepe zako huenda wapi?

Mteja ametuma oda ya fulana 300 kwa anwani ya biashara yako saa nne usiku. Seva yako, ile iko chini ya meza ofisini, imezima kwa sababu stima imepotea. Oda imeenda wapi?

Tulia, bado ipo. Seva ya mteja ikibisha hodi na kukosa jibu, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye, tena na tena. Kanuni za baruapepe zinataka isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Hata giza kama lile lililofunika nchi usiku wa Agosti 25, 2023, peke yake halitoshi kufuta oda yako.

Kwa hivyo fundi akikuuzia seva ya akiba "ndio usipoteze mail", muulize anamaanisha nini hasa. Hiyo seva ina kazi, lakini ni ya siku mbaya zaidi: mashine imeungua, mnahama ofisi, laini ya intaneti imekatwa wiki nzima. Hapo unataka foleni iwe mikononi mwako, si kwa seva za watu ambazo huwezi kuziambia zingoje kidogo.

Kuiweka si kazi ngumu. Domeni yako ina rekodi za MX, kila moja na nambari yake. Seva kuu ipe 10, ya akiba 20. Nambari ndogo hujaribiwa kwanza. Ukitumia Postfix kwenye ya akiba, andika domeni yako kwenye relay_domains. Kawaida itashikilia barua siku tano. Ukitaka zaidi, ongeza maximal_queue_lifetime.

Balaa iko hapa. Watumaji wa baruapepe taka hupenda mlango wa nyuma. Wanajua seva ya pili mara nyingi haina mlinzi, basi huiendea makusudi hata kama ya kwanza iko sawa. Ikipokea kila kitu, hadi barua za watu ambao hawapo kwenye kampuni yako, seva kuu itazikataa, na ya akiba italazimika kuzirudisha kwa "mtumaji" ambaye anwani yake ilighushiwa tu. Endelea hivyo na IP yako itaingia orodha nyeusi. Ipe orodha ileile ya anwani halali, kupitia relay_recipient_maps, na kichujio kilekile cha taka. Kisha iambie seva kuu iiamini IP ya akiba, la sivyo ukaguzi wa SPF utakataa barua halali kwa kuwa zimeletwa na mkono mwingine.

Na tafadhali, usiiweke chumba kilekile! Kodisha mashine ndogo kwingine, stima tofauti, laini tofauti. Hata DNS isikae ofisini pekee. Ikizima pamoja na seva kuu, nani atajua kuna nambari 20?

Kuna janga moja ambalo seva ya akiba haiwezi kukuokoa: domeni uliyosahau kulipia. Ikiondolewa mtandaoni hakuna foleni, barua inamrudia mteja papo hapo, naye anatafuta mchapishaji mwingine.

Ukimaliza, ijaribu. Jumapili jioni zima seva kuu, jitumie barua kutoka Gmail, halafu andika postqueue -p kwenye ya akiba. Ukiiona barua imekaa pale ikingoja, washa seva kuu na uhesabu dakika hadi ifike.