Cherahani ya Bibi Isiuzwe kwa Mizani

Leo twapenda kunena nanyi juu ya vyombo vya zamani vilivyomo nyumbani, na hasa cherahani. Maana wanunuzi wa vyuma chakavu wapita vijijini na mizani zao, na cherahani ya bibi, kwa kuwa gurudumu limekwama, hupimwa pamoja na masufuria yaliyotoboka, ikauzwa kwa kilo. Mashine iliyowavisha watoto na kuwalipia karo yaondoka hivyo, wala hapana aliyeifungua kuitazama.

Hatuwalaumu vijana peke yao. Vyombo vingi vya siku hizi vimeshikanishwa kwa gundi mahali pa parafujo, hata fundi hapati pa kutia bisibisi. Na mtu aliyezoea vyombo hivyo hudhani kila kilichokwama kimekufa. Kwa hesabu iliyotolewa na Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na zilizojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya hazikufika robo yake.

Cherahani ya kale si ya ukoo huo. Isaac Singer alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1851, na kiwanda cha kampani yake kule Clydebank, katika Scotland, kilifanya kazi tangu miaka ya 1880 hata kilipofungwa mwaka 1980. Mashine zake zilifanywa ili zifunguliwe: parafujo zaonekana, matundu ya mafuta yaonekana, na namba iliyopigwa juu ya chuma humjulisha fundi mwaka ilipotengenezwa.

Mara nyingi ugonjwa wake ni mafuta ya kale yaliyoganda kama ulimbo. Basi kwanza ondoeni nyuzi na vumbi kwa brashi. Kisha, mbali na moto, tieni mafuta ya taa tone tone katika matundu, mwache usiku kucha, ndipo mlizungushe gurudumu polepole pasipo kulilazimisha. Likikataa, rudieni kesho, na kesho kutwa. Tumeona mashine iliyolegea siku ya nne. Ikiisha kulegea, ipanguseni, mtie mafuta mepesi ya cherahani, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayogeuka ulimbo tena. Wala msisugue kwa spiriti, itang'oa maua ya dhahabu yaliyochorwa mwilini, na hayo ndiyo bibi aliyoyapenda.

Ikiruka mishono, msimwite fundi bado. Tazameni sindano: huenda imepinda, au haikupandishwa hata mwisho, au bapa lake limeelekea upande usio wake. Na ile ya miguu, mkanda wake wa ngozi ukilegea, hukatwa kidogo na kuungwa tena kwa kipini cha waya.

Yanayozidi hayo ni kazi ya fundi, naye alipwe haki yake. Twashangaa kumwona mtu akibishana na fundi nusu saa kwa ajili ya senti, kisha aingia dukani na kutoa bei nzima pasipo neno. Huko Amsterdam, mwaka 2009, bibi mmoja jina lake Martine Postma alianzisha mikutano ambapo majirani huleta vyombo vilivyoharibika, na wenye ujuzi huvitengeneza pamoja nao wakitazama. Walimu, jambo hili laweza kufanywa shuleni Jumamosi.

Ikiwa mwili wenyewe wa chuma umepasuka, hapo twakiri kwamba matengenezo ni magumu, na gharama yake mara nyingi haistahili. Walakini hata hiyo msiipeleke kwenye mizani mpaka fundi ameiona, maana parafujo zake, mguu wa kukandamizia nguo na bamba la chini ya sindano vyaweza kuiponya mashine ya jirani.