Mtama wa Ziwani na Kalamu ya Hazina

Ifikapo Juni, masuke ya mtama huwa yanajaa kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Seme hadi Rarieda, na ng'ambo ya Ghuba ya Winam kuanzia Karachuonyo hadi Mbita. Ndio msimu wa familia nzima kuhamia shambani. Mmoja hupanda dungu kuamia ndege, mwingine huzunguka akigonga debe tangu alfajiri hadi jua lizame. Juni hiyohiyo, Nairobi, Waziri wa Fedha husoma bajeti. Walio dunguni hawana nafasi ya kuisikiliza, ingawa sentensi moja ndani yake yaweza kuwaharibia mavuno kuliko kundi zima la kwelea.

Mtama huo una mnunuzi mkubwa mmoja: kiwanda cha bia.

Kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya Senator mwaka 2004, ikiwalenga watu wa kipato cha chini waliokuwa wakinywa chang'aa na pombe nyingine zisizo na kibali. Serikali ilikubali kulegeza ushuru, kwa sababu bia inayotozwa ushuru kamili haiwezi kushindana kwa bei na chang'aa ya uchochoroni. Mwanzoni ilitengenezwa kwa shayiri, kisha mtama ukashika nafasi. Masharti ya punguzo hilo yanamfaa mkulima moja kwa moja: angalau asilimia 75 ya malighafi iwe mtama, wimbi, muhogo au zao jingine la humu nchini lisilo shayiri, na bia iuzwe kwenye mapipa makubwa, si chupa. Kwa wakazi wa maeneo makavu ya ufuo wa ziwa, ambako mahindi hunyauka mvua ikikata mapema, hii ilikuwa habari njema. Mtama huvumilia. Na aina ya Gadam, fupi na yenye punje nyeupe, hukomaa kwa takriban miezi mitatu.

Oktoba 2013 punguzo likakatwa. Ushuru wa asilimia 50 ukarejeshwa kwenye bia ya mtama, bei ya kikombe ikapanda na mauzo yakaporomoka. Kiwanda kisichouza hakinunui, kwa hiyo waliokuwa wamelima kwa kutegemea mikataba walibaki na magunia. Wanywaji nao hawakuacha kunywa. Wengi walirudi walikotoka, na Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Si haki kusema ushuru peke yake ndio uliowaua, maana biashara ya sumu ilikuwapo kabla. Lakini mlango wa bia salama ya bei nafuu ulikuwa umefungwa, na serikali ilijua hivyo. Mwaka 2015 ilirudisha punguzo la asilimia 90, ambalo baadaye lilishushwa hadi 80.

Hapo ndipo Kisumu inapoingia. Kiwanda cha bia cha mji huo kilikuwa kimefungwa kwa karibu miongo miwili. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kukifufua kwa shilingi bilioni 15, na kufikia 2019 kilikuwa kikizalisha. Watu wa Kisumu waliipokea habari hiyo kwa namna ambayo mgeni huenda asiielewe. Huu ni mji uliozika viwanda. Kicomi, kiwanda cha nguo kilichowaajiri baba zao, kilianguka miaka ya 1990 na kilimo cha pamba kikaanguka nacho. Miwani, kiwanda cha sukari kilichoanza miaka ya 1920, kimekaa miaka mingi chini ya mrasimu huku vijiji vilivyokizunguka vikififia. Chemelil na Muhoroni, navyo vya sukari, vilidhoofika hadi serikali ikavikodisha kwa kampuni binafsi mwaka 2025. Kila kiwanda kilipoyumba, wa kwanza kuumia walikuwa wakata miwa na vibarua wa palizi, watu ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya wadai.

Mtama nao una watu wake wa namna hiyo. Mwenye ekari tatu hazimalizi peke yake. Huita vibarua, wengi wao wanawake, wapalilie, wakate masuke kwa kisu, wayaanike kwenye turubai, wayapure na kupepeta. Kisha kuna mbeba magunia, mwenye lori, na mama anayewauzia uji wote hao. Kibarua halindwi na mkataba wowote. Mkulima asipolipwa, naye halipwi, na karo ya shule husubiri msimu mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo mnywaji wa mjini ni nadra kulifikiria. Mitama ya rangi ya kahawia, kama Serena na Seredo, ina ukakasi wa tanini unaowachukiza ndege. Kiwanda hupendelea mtama mweupe, usio na ukakasi huo, na ndege vilevile. Kwa hiyo mkulima anayelimia bia amekubali kupanda chakula wanachokipenda adui zake. Januari 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, wakateketeza takriban ekari 300, na serikali ikalazimika kunyunyiza dawa ya fenthioni, ambayo ina hatari zake kwa viumbe wengine. Familia yenye ekari moja haiwezi kungojea dawa hiyo. Ina dungu, debe na watoto, na mtoto aliye dunguni saa mbili asubuhi hayuko darasani.

Adui wa ardhini ni kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Hujishikiza kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya. Dawa yake bora imebuniwa hukuhuku ziwani, katika kituo cha Icipe cha Mbita, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970. Katika mbinu iitwayo vuta-sukuma, mkulima hupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mtama na majani ya mifugo pembezoni. Mizizi ya desmodiamu huichochea mbegu ya kiduha iote kisha ife kabla ya kushika mzizi, harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa shina, na majani ya pembezoni huwavuta huko. Ng'ombe naye hupata malisho. Ni ajabu kwamba maarifa haya bado hayajafika kila kijiji kilicho mwendo mfupi tu kutoka Mbita.

Wapo wanaouliza kama ni sawa kuwajenga wakulima kwa pombe. Swali hilo lina uzito, kwa kuwa nyumba nyingi ufuoni zinaujua ulevi kwa karibu. Jibu la busara si kuua soko lililopo bali kuliongezea jingine. Mtama ni chakula cha asili cha ufuo huu, uliokuwa kwenye kuon, yaani ugali, na uji kabla mahindi hayajatawala. Shule zikiununua kwa mlo wa wanafunzi, mkulima hatatetemeka kila kiwanda kinapokohoa. Na hata kwenye soko la pombe mkulima anaweza kulindwa. Tanzania inatoa mfano wa karibu: divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko ya kutoka nje, jambo linalowafaa wakulima wa zabibu wa Dodoma.

Wakulima wa ziwani wanahitaji watetezi wa kuwapatia ulinzi wa aina hiyo, na mahali pa kuanzia ni kalenda. Mtama wa masika hupandwa Machi, bajeti husomwa Juni. Mkulima anaambiwa masharti ya soko wakati mbegu, samadi na ujira wa palizi vimeshazama ardhini. Wabunge wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia waungane bila kujali vyama na kuitaka Hazina ya Kitaifa ikitangaze kiwango cha ushuru wa bia ya mtama kwa miaka mitano mfululizo, na badiliko lolote lijulikane kabla ya Februari kwisha, mkulima wa Seme akiwa bado hajanunua mbegu.