Shati jipya, tambara la kesho

NILIPORUDI Rumonge mwaka 2008 kutoka kambi ya Mtabila, Kigoma, nilianza na robota la mitumba. Baadaye nikavutiwa na mashati mapya ya Kichina: yamefungwa kwenye nailoni, yanang'aa, saizi zote zipo, bei haiumi. Yaliisha siku moja ya soko.

Wateja walipoyafua ziwani, rangi ikachuja, mishono ikafumuka. Mama mmoja, mrejeaji kama mimi, alinirudishia shati la mwanawe. Nilimlipa, lakini imani yake hairudi kwa pesa.

Mitumba nayo ni bahati nasibu. Ila shati lililomvumilia mvaaji wa kwanza limekwisha kupimwa.

Mfanyabiashara mwenzangu, kabla ya kuvusha mzigo, vuta mshono. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.