Ukuukuu wa Kamba: Samani za Kale katika Nyumba ya Leo

Katika Kiswahili, neno linaloambatanishwa na samani iliyokwisha kutumika hubeba hukumu ndani yake. Kiti kikiitwa kikuukuu, huhesabiwa kuwa kimechoka. Kikiitwa cha kale, hutazamwa kwa heshima kama mabaki ya zama zilizopita. Na kikiitwa cha mtumba, hueleweka kwamba kilikuwa na mwenyewe mwingine na kwamba bei yake bado inajadilika. Kiti kile kile kinaweza kupewa majina yote matatu ndani ya siku moja, kutegemea kama anayesema ni mnunuzi, muuzaji au mjukuu anayetaka kukitoa stoo ili apate nafasi.

Sheria nazo zimejaribu kuweka mpaka kati ya kitu cha zamani na kitu cha kale. Nchini Marekani, sheria ya ushuru ya mwaka 1930 ilihesabu kuwa cha kale kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1830, mpaka utaratibu huo ulipobadilishwa mwaka 1966 na kipimo kikawa umri wa miaka 100. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 imechagua mwaka 1895, ambapo kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya hapo huhesabiwa kuwa mali ya kale. Vipimo hivi vinawafaa maofisa wa forodha na wa makumbusho, lakini kwa mtu anayetaka kupamba nyumba yake umri peke yake ni mwongozo dhaifu, kwa kuwa fundi mbovu alikuwapo hata miaka 200 iliyopita. Wahenga walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na hawakuwa wakiusifu uzee: kamba iliyosokotwa vizuri huushinda ukambaa mpya kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa, na hicho ndicho kipimo kinachostahili kutangulia.

Wapo wanaosita kuchanganya samani za asili mbalimbali chumbani kwa hofu ya kuonekana hawana mpango. Hofu hiyo haina mizizi katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako nyumba za wenye uwezo zilipambwa kwa mchanganyiko tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ukutani safu juu ya safu na kupambwa kwa nakshi za chokaa, ambamo vyombo vya kauri kutoka China viliwekwa kwa ajili ya kutazamwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza vyumba vilivyopangwa kwa namna inayofanana na hiyo, vikiwa na vioo, saa na vyombo vya kauri na bilauri vilivyotoka ng'ambo. Kilichovifanya vitu hivyo vipatane si nchi vilikotoka bali ukuta mmoja mweupe uliovibeba vyote, na siri hiyo bado inafanya kazi.

Samani inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni kasha, lile sanduku kubwa la mbao lililopigwa misumari ya shaba, ambalo watalii hulijua kwa jina la sanduku la Zanzibar. Makasha mengi yalisafiri kwa majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi kutoka India, Ghuba ya Uajemi na Arabuni, nayo yalifanya kazi ambayo leo imegawanywa kati ya kabati, sefu na begi la safari. Nahodha aliweka humo hati na fedha zake, na bibi harusi aliweka nguo, vito na udi. Wafanyabiashara huyagawa makasha kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi, lakini mnunuzi asiyachukue majina hayo kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mafundi waliigana mitindo kutoka bandari moja hadi nyingine, na mafundi wa Zanzibar wenyewe wanatengeneza makasha mpaka leo.

Kasha zuri hujulikana linapofunguliwa zaidi kuliko linapofungwa. Ndani yake, upande mmoja, kwa kawaida huwa na kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na katika makasha mengine nyuma au chini ya kisanduku hicho kumefichwa vidroo vya siri ambavyo havionekani mpaka ubao fulani uvutwe juu. Mbao iliyopendwa ni msaji, ambao pia huitwa mtiki, kwa kuwa mafuta yake ya asili huuwezesha kustahimili unyevu na wadudu, ingawa yapo pia makasha ya mkarafuumaiti, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaokula nguo. Makasha makubwa yalikalishwa juu ya vigogo ili yasigusane na sakafu yenye unyevu, na vigogo hivyo mara nyingi hupotea katika kuhamahama, hivyo kasha linalokaa bapa sakafuni leo huenda limepoteza sehemu ya kimo chake.

Kwa kuwa kasha la kale lina bei kubwa kuliko jipya, wako wanaolizeesha jipya kwa rangi nyeusi ya viatu au oili chafu. Ishara za udanganyifu huu si ngumu kuzitambua. Uchakavu wa kweli haulingani kila mahali, bali huonekana pale mkono uliposhika na pale mguu ulipogonga, ilhali uchakavu wa kutengenezwa husambaa sawasawa kama vumbi. Parafujo yenye mfuo wa msalaba kichwani, iwapo imo tangu mwanzo na si ya ukarabati, yatosha kuliondoa kasha katika karne ya 19, kwa kuwa parafujo za aina hiyo zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930. Meza ya duara nayo ina siri yake: mbao hunywea kwa upana wa nyuzi zake zaidi kuliko kwa urefu, kwa hiyo meza iliyochongwa miaka mingi iliyopita kwa mbao halisi ikipimwa kwa futikamba huonekana si duara kamili tena. Muuzaji akishangaa kwa nini mnunuzi anapima meza mara mbili, mnunuzi hana wajibu wa kumweleza.

Kitanda cha samadari, chenye nguzo ndefu za kubeba chandarua na nakshi katika kitakizo, huvutia macho kuliko samani nyingine yoyote chumbani, lakini huja na masharti. Vitanda vingi vya zamani viliwambwa kwa kamba na havikukusudiwa kubeba magodoro ya leo yanayouzwa kwa vipimo vya futi tano kwa sita au sita kwa sita, kwa hiyo mnunuzi apime kati ya mfumbati na mfumbati, yaani zile mbao mbili za ubavuni, kabla ya kutoa fedha. Fundi mwangalifu anaweza kuweka chaga ndani ya fremu bila kuikata, na ombi lolote la kufupisha matendegu au kukata nguzo ili kitanda kipite mlangoni likataliwe, kwani vitanda hivi kwa kawaida hufunguliwa na kuunganishwa upya.

Kiti cha enzi, kinachotengenezwa kwa mbao nyeusi na kujazwa nyuzi zilizosukwa mgongoni na kwenye kikalio, pamoja na vipande vya mifupa au pembe za ndovu vilivyopachikwa, kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima katika miji kama Lamu, Pate na Siyu. Mifano bora iko makumbusho, na huko ndiko kwa kukitafuta. Nyumbani, kile kinachotengenezwa na mafundi wa leo kinatosha.

Si kila nyumba inahitaji kitu cha jahazi, wala si kila mfuko unakimudu. Sehemu kubwa ya samani nzuri za zamani mjini Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hupatikana kwenye minada, kwa madalali na kwa familia zinazohama, nazo ni meza za ofisi, makabati ya vitabu na madawati ya mvule, mninga au mkangazi, miti ambayo kuipata kwa upana ule leo ni ghali. Mnunuzi apindue kiti na avute droo nje kabisa. Kwenye pembe za droo njema, meno ya ubao mmoja huingia katika nafasi za ubao mwingine bila kutegemea msumari, na chini ya kiti ulimi wa mbao moja huonekana umekaa katika tundu la nyingine. Kama kinachoonekana ni ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao hafifu, ambalo mafundi huliita vinia, si lazima kukataa, kwa kuwa kuna kazi bora za aina hiyo. Lakini ubao wa maranda na vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi ukishavimba kwa maji haurudi tena, hata ungeuzwa kwa bei ya bure.

Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya chini yake ni dalili kwamba dumuzi bado wamo kazini, na samani hiyo isiingizwe ndani mpaka itibiwe kwa dawa ya mbao. Vitanda na makochi yakaguliwe mishono na nyufa kwa ajili ya kunguni, ambao hawajali umri wala nakshi. Rangi za zamani nazo huenda zina risasi, madini yanayodhuru hasa ubongo wa watoto, kwa hiyo kupiga msasa mkavu ndani ya nyumba ni hatari.

Katika kupanga, kosa la kawaida ni wingi. Kasha moja mbele ya ukuta mtupu, likiwa na mkeka mbele yake na taa pembeni, hupata heshima ambayo makasha matatu yaliyosongamana hayapati. Samani ya kale pia hupendeza zaidi inapotumika: kasha liweke mashuka, meza ya ofisi iwe ya kulia chakula. Kasha lililotoka pwani kwenda nyanda za juu zenye hewa kavu lisiwekwe juani wala mbele ya kiyoyozi, maana mbao hunywea ghafla na kupasuka. Kitambaa kikavu na nta ya nyuki kidogo vyatosha kwa mbao. Shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi, kisha hupanguswa kwa maji na kukaushwa mara moja, ingawa weusi kidogo kati ya misumari ni bora kuliko mng'aro wa sinia jipya.

Limebaki suala la mipaka ya tamaa. Samani yenye pembe za ndovu haipaswi kununuliwa kwa wepesi, kwani biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na mpingo wenyewe uko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mwaka 2017. Milango ya nakshi ina ulinzi wake: sheria ya Kenya iliyotajwa inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1946, na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inataja ile iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Lakini hata pasipo sheria, mlango si sawa na kasha. Kasha lilitengenezwa lihame. Mlango ulichongwa kwa kipimo cha ukuta mmoja, na ukiong'olewa ukageuzwa meza ya kahawa, nyumba mbili huharibika, moja kwa pengo na nyingine kwa meza isiyokalika vizuri. Mwenye kuutamani na auagize mpya kwa wachongaji wa Zanzibar au Lamu, ambao kazi yao haijakatika, na ule wa zamani aende kuutazama mahali pake mtaani, ambako hakuna kiingilio.