Miti Isiyokatwa katika Nchi ya Mara

Katika nchi ya Mara, kwa Wazanaki wa Butiama na kwa Waikizu wa Bunda, huonekana mahali katikati ya mashamba ambapo miti mikubwa imesimama pamoja, wala haina alama ya shoka. Wenyeji hupaita mahali kama hapo kwa jina la emisambwa. Yafaa tulieleze neno hilo, maana ndani yake mna sheria.

Emisambwa ni mizimu ya nchi, na tena ni mahali penyewe inapokaa: chemchemi, mwamba, au kichaka cha miti. Waganda na Waluhya nao wanalo neno hili, kwa maana iliyo karibu na hiyo. Katika sarufi haliko katika ngeli ya watu, bali katika ngeli ya mti na miti, sawasawa na neno letu mzimu.

Miiko yake ni hii: hapakatwi mti, wala hapawashwi moto. Wazee wenye kazi hiyo huingia na sadaka. Wengine hupita kando. Aliyevunja mwiko hakumkosea mtu mmoja tu, aliikosea nchi yote, kwa kuwa mvua ikikosa wote huumia. Kwa hiyo kila jirani alikuwa mlinzi. Huko Butiama, karibu na Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere aliyezaliwa mwaka 1922, msitu wa Muhunda wachukua jina la mzimu unaohesabiwa kuwa mlinzi wa wenyeji.

Lakini mwiko humfunga anayeuogopa tu. Asiyeogopa mizimu, naye ahitaji mkaa wa kuuza Musoma mjini, huona kuni tupu. Wengine hudhani kwamba hapo sheria ya serikali yatosha. Kweli, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kutangazwa aina za miti isiyokatwa bila kibali, na yakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake. Walakini itajuaje kwamba mkuyu mmoja, uliosimama peke yake mpakani mwa mashamba mawili, ndio unaoheshimiwa na watu?

Wanaoujua ni wanakijiji wenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji huweza kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa katika mkutano wa kijiji na kukubaliwa na halmashauri ya wilaya. Huko Uingereza halmashauri huweza kuuandika hata mwaloni mmoja ulio katika kiwanja cha mtu, na mwenyewe asiukate bila ruhusa. Vijiji vyetu navyo vyaweza kuandika mahali, mipaka na faini.

Ila wazee wanaojua majina ya mahali hapo hupungua kila mwaka. Yatupasa basi, sisi walimu, kuwauliza na kuandika kabla hawajatutoka.