Kwa nini duka la vitabu halilipi? Ifuate riwaya moja hadi Kisaki

*Kwa ufupi*
• Faida ya kitabu kimoja ni ndogo, na usafiri unaila kabla haijafika mfukoni.
• Vitabu vya kiada vilivyokuwa vinalipa pango la duka sasa vinapita njia nyingine.
• Maduka yaliyobaki yanauza kitabu pamoja na kitu kingine.

Morogoro. Chukulia uko Kisaki na unataka riwaya mpya ya Kiswahili. Inachapwa Dar es Salaam, inapanda basi hadi Morogoro mjini, kisha inasubiri gari jingine la kupita Matombo na Mvuha, zaidi ya kilomita 100 ambazo masika huzigeuza kuwa mtihani. Stesheni ya Tazara ipo hapo hapo Kisaki, lakini treni ya abiria si ya kila siku.

Kila hatua ina gharama yake, na ndiyo inayoeleza kwa nini maduka huru ya vitabu yanasuasua. Duka huru ni lile la mtu binafsi au kikundi kidogo, lisilo tawi la kampuni kubwa wala mali ya serikali.

Tatizo hili si letu peke yetu. Filamu ya makala ya *Hello, Bookstore*, iliyotoka mwaka 2022, inamfuatilia Matthew Tannenbaum, mwenye duka katika mji mdogo wa Lenox, Marekani. Alilinunua mwaka 1976. Uviko-19 ilipofunga milango, akawa anawahudumia wateja wakiwa nje, huku madeni yakipanda. Mwishowe aliomba mchango wa dola 60,000, na wateja wakachanga hadi lengo likavukwa.

Lakini Lenox ina wateja wenye uwezo wa kuchanga. Huku kwetu hesabu inabana mapema zaidi.

*Hesabu ya kaunta*

Tuchukue mfano. Riwaya inauzwa Sh15,000 na mchapishaji anampa mwenye duka punguzo la asilimia 30. Maana yake duka linanunua kwa Sh10,500 na kubaki na Sh4,500.

Kama pango la fremu mjini ni Sh150,000 kwa mwezi, lazima ziuzwe nakala 34 ili kulipa pango tu. Hapo bado umeme, leseni, kodi, msaidizi na chakula cha mwenye duka.

Sasa mpeleke mwenye duka huyo Kisaki. Usafiri ukila Sh2,000 kwa kila nakala, anabaki na Sh2,500. Hata pango likiwa Sh50,000 tu, anahitaji kuuza riwaya 20 kila mwezi, wakati wateja wake wengi wanashika hela baada ya mavuno. Akipandisha bei, mteja anaahirisha. Asipopandisha, anafanya kazi ya bure.

Kuna jambo la tatu: mtaji kulala. Daftari na kalamu vinazunguka kila wiki, lakini riwaya inaweza kukaa rafuni mwaka mzima ikila vumbi. Ndiyo maana duka likianza na vitabu, baada ya muda unakuta linauza madaftari, linatoa fotokopi na kufanya miamala ya simu.

*Kiada ndicho kilicholipa pango*

Kwa miaka mingi riwaya haikulibeba duka peke yake. Vitabu vya kiada ndivyo vilivyoleta wateja, hasa Januari shule zinapofunguliwa. Faida hiyo ilimwezesha mwenye duka kuweka na hadithi pembeni.

Katikati ya miaka ya 2010, Serikali iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) jukumu la kuandaa na kuchapa vitabu vya kiada, ambavyo husambazwa katika shule za umma. Siku hizi TET ina pia maktaba mtandao ambako vitabu hivyo husomwa bure.

Kwa mzazi hii ni nafuu ya kweli. Kwa mwenye duka, mteja wa uhakika amepungua. Kenya nako, mwaka 2018 Serikali ilianza kupeleka vitabu shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na wauza vitabu wakarukwa.

Juu ya hapo kuna simu. PDF ya kitabu ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp, inasambaa bila mwandishi wala duka kupata hata shilingi.

*Waliobaki wanafanyaje?*

Dar es Salaam, duka la TPH la Mtaa wa Samora limebeba jina la Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966. Walter Bgoya, aliyeliongoza shirika hilo tangu 1972, alianzisha kampuni yake ya Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mchapishaji akiuza mwenyewe, lile punguzo la duka linabaki kwake.

Soma Book Café, Mikocheni, imechanganya vitabu, mgahawa na mijadala ya wasomaji. Duka la Lenox nalo lina baa ya mvinyo pembeni.

Ufaransa ilitumia sheria. Tangu mwaka 1981 bei ya kitabu kipya hupangwa na mchapishaji, na muuzaji haruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5, hivyo mkubwa hawezi kummaliza mdogo kwa bei ya kutupa. Lakini sheria ya namna hiyo haipunguzi nauli ya Morogoro hadi Kisaki.

*Kisaki ifanye nini?*

Nauli ya kifurushi ndiyo inayoweza kugawanywa. Wasomaji 10, au walimu wa shule mbili tatu, wakiagiza pamoja na kulipa kwanza kupitia duka la madaftari lililopo, kifurushi kinakuja mara moja na mtaji wa mwenye duka haulali. Naye anapata kamisheni bila kubahatisha.

Njia hiyo haileti rafu ya kuchagulia, lakini inampa mwenye duka namba: anajua kijijini kuna wanunuzi wangapi. Bila namba hiyo hawezi kuthubutu kuweka riwaya hata tano, na mtoto anayemaliza darasa la saba ataendelea kudhani kila kitabu kina maswali ya zoezi mwishoni.